Wamarekani wanagombania nini hasa kwenye misaada ya nje?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafuatilia siasa za Marekani na kila uchaguzi nasikia kwamba Warepublican wanataka kukata misaada kwa nchi za nje na Wademokrati wanataka kuilinda. Lakini Bush aliyeleta mpango wa dawa za UKIMWI alikuwa Republican, na fedha za Ukraine mwaka 2024 zilipita kwa kura za vyama vyote viwili. Je, ugomvi huu ni wa itikadi kweli au ni maneno ya kampeni? Na nani mwenye neno la mwisho juu ya fedha hizo, rais au Bunge?

Jibu: Marahaba. Ulipomtaja Bush ulikuwa tayari umegusa kiini. Ugomvi ni wa kweli, ila mpaka wake hauko kati ya chama na chama kama matangazo ya kampeni yanavyouchora. Umepita ndani ya kila chama, na umehama mara kadhaa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi leo limo katika swali lako la pili, la nani ana neno la mwisho. Kwa miaka mingi lilikuwa suala la wanasheria na makarani wa bajeti. Tangu Januari 2025 limekuwa suala la uhai wa watu.

Tuanze na ukubwa wa fungu lenyewe, maana asiyeujua hawezi kuufuata mjadala. Mwaka wa fedha 2023 Marekani ilitoa takriban dola bilioni 72 za misaada ya nje ya kila aina, ya kijeshi ikiwemo. Hakuna nchi nyingine iliyotoa kiasi hicho. Lakini mwaka huohuo matumizi ya serikali kuu yalizidi dola trilioni 6, kwa hiyo misaada ilikuwa kama asilimia 1.2 tu. Shirika la utafiti la KFF limewauliza Wamarekani mara nyingi wanadhani misaada ya nje inachukua sehemu gani ya bajeti, na kwa wastani wamejibu robo, wakati mwingine zaidi. Mtu anayeamini kwamba robo ya kodi yake inavuka bahari ana haki ya kukasirika. Mwanasiasa anayejua ukweli na kumwacha na imani hiyo ndiye wa kulaumiwa, na wa namna hiyo wapo wengi.

Upande wa pili nao una namba yake. Ukipima misaada ya maendeleo kwa pato la taifa, Marekani imekuwa chini ya asilimia 0.3, ilhali lengo lililopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970 ni asilimia 0.7. Basi kila mzungumzaji huchukua kipimo kinachomfaa: anayetaka kukata hutaja mabilioni, anayetaka kuongeza hutaja asilimia ya pato. Namba zote mbili ni za kweli, na hakuna kati yake inayokuambia kama fedha zimefanya kazi.

Historia nitaipitia haraka. Mpango wa Marshall, takriban dola bilioni 13 za kuijenga upya Ulaya Magharibi, ulipendekezwa na serikali ya Truman, Mdemokrati, na ukapitishwa mwaka 1948 na Bunge lililokuwa mikononi mwa Warepublican. Aliyeubeba Seneti, mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge, ni Arthur Vandenberg wa Michigan, Republican aliyewahi kuwa mpinzani mkubwa wa Marekani kujiingiza katika mambo ya nje, na ambaye alishikilia kwamba siasa za vyama ziishie ufukweni. Mwaka 1961 Kennedy alitia saini Sheria ya Misaada ya Nje, na Novemba mwaka huo likaundwa USAID, shirika la serikali la kuendesha misaada hiyo. Watu wengi hukumbuka hadi hapo tu na kudhani misaada ilikuwa mtoto wa Wademokrati tangu mwanzo.

Lakini tarehe 29 Oktoba 1971 Seneti iliuangusha mswada mzima wa misaada ya nje kwa kura 41 dhidi ya 27. Wademokrati ndio waliokuwa wengi Seneti wakati huo. Wahafidhina walikuwa na hasira kwa sababu siku chache nyuma Umoja wa Mataifa ulikuwa umeipa Beijing kiti cha China na kuiondoa Taiwan. Waliberali kama Frank Church wa Idaho walikuwa wamechoshwa na Vietnam, na waliona misaada imegeuka kuwa njia ya kuzilisha silaha serikali za kidikteta. Hoja mbili zilizokuwa zikipingana kabisa ziliangusha mswada mmoja. Mpaka leo ndivyo ilivyo: misaada huwa na maadui pande zote mbili, na huponea pale tu maadui hao wanaposhindwa kuungana.

Inaponea pia kwa sababu ndani ya fungu hilo moja mna vitu vitatu vyenye marafiki tofauti. Kuna msaada wa dharura, chakula na mahema kwa waliokumbwa na njaa au vita. Kuna afya na maendeleo. Na kuna silaha na mafunzo kwa majeshi rafiki. Mwanasiasa akisema "nitakata misaada", muulize ipi kati ya hizo tatu. Kwa Israel peke yake, mkataba uliofikiwa mwaka 2016 chini ya Obama uliahidi dola bilioni 38 kwa miaka kumi, yaani bilioni 3.8 kila mwaka, na Misri imekuwa ikipata takriban bilioni 1.3 za kijeshi kwa mwaka. Warepublican wengi wanaopinga misaada ya maendeleo huzitetea fedha hizi kwa nguvu zote. Wademokrati nao, waliozoea kujiita watetezi wa misaada, sasa wamegawanyika juu yake. Azimio la seneta Bernie Sanders la kuzuia baadhi ya silaha kwa Israel lilipata kura 18 Seneti Novemba 2024. Julai 2025, azimio lake jingine la aina hiyo lilipata 27, zote za upande wa Wademokrati, ikiwa ni zaidi ya nusu ya kundi lao. Mabadiliko kama hayo katika miezi minane si ya kawaida katika chumba kile.

Sasa PEPFAR, yaani ule mpango wa dawa za UKIMWI ulioutaja wewe, ambao kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Tarehe 28 Januari 2003 George W. Bush alisimama mbele ya Bunge na kuomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo zilizolengwa. Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito kisiasa, mkumbuke Jesse Helms, seneta wa North Carolina. Kwa miongo kadhaa Helms alifananisha misaada na fedha zinazomwagwa kwenye mashimo ya panya huko ng'ambo, na miaka ya 1990 alipambana kuivunja USAID. Mwaka 2002, akikaribia kustaafu, mtu huyohuyo alitaka itengwe dola milioni 500 kuzuia watoto wasiambukizwe virusi na mama zao. Waliomgeuza ni Wakristo wa kiinjili, wale wapiga kura waliomweka madarakani, ambao walikuwa wameanza kuona wajibu wao wa kidini kwa wagonjwa wa Afrika.

Mpango ule haukutokana na upande mmoja kuushinda mwingine. Kila upande ulilipia kitu. Wahafidhina walipata kifungu kilichotaka theluthi moja ya fedha za kinga iende kwenye mafundisho ya kujizuia hadi ndoa. Wataalamu wengi wa afya walikipinga, na mwaka 2008 kililegezwa. Waliberali walipata kiasi cha fedha ambacho hawakuwahi kukiota wakati wa Clinton. Sheria ya kuurefusha mwaka 2008, iliyofikisha hadi dola bilioni 48 kwa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ilipewa majina ya wabunge wawili marehemu: Tom Lantos, Mdemokrati, na Henry Hyde, Republican aliyekuwa mpinzani mashuhuri wa utoaji mimba. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba mpango huu umeokoa maisha ya watu milioni 25. Hata ukilipunguza kadirio hilo kwa nusu, sijui mradi mwingine wa serikali wa karne hii wenye matunda kama hayo.

Na bado muafaka huo ulipasuka. Mwaka 2023 muda wa sheria ulipoisha, Chris Smith wa New Jersey, Republican ambaye mwaka 2018 ndiye aliyeudhamini mswada wa kuurefusha, alikataa kufanya hivyo tena, akidai kwamba baadhi ya mashirika yanayopokea fedha yanaendeleza utoaji mimba. Sheria ya tangu 1973 inakataza fedha za misaada zisitumike kwa utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, kwa hiyo ubishi haukuwa juu ya fedha za PEPFAR zenyewe bali juu ya mambo mengine yanayofanywa na wapokeaji. Bunge likaishia kuongeza mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025, badala ya mitano iliyozoeleka.

Hapa ndipo itikadi ilipo wazi, bila kificho. Mwaka 1984 Rais Reagan, Republican, aliweka sera inayoyanyima fedha mashirika ya kigeni yanayotoa au kutetea utoaji mimba, hata kama wanafanya hivyo kwa fedha zao wenyewe. Clinton aliifuta 1993. Bush aliirudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha na kuipanua 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Kliniki iliyopo maelfu ya kilomita kutoka Washington inalazimika kuandika upya mikataba yake kila bendera inapobadilika Ikulu ya Marekani. Una haki ya kuwa na msimamo wowote juu ya utoaji mimba. Lakini hakuna mpango wa afya unaoweza kusimama juu ya msingi unaong'olewa kila baada ya miaka minne au minane, na hili nalisema kwa pande zote mbili.

Kuna ugomvi mwingine usiosikika kwenye kampeni kwa sababu vyama vyote viwili vinakula humo. Tangu 1954, chini ya Eisenhower, sehemu kubwa ya msaada wa chakula wa Marekani imetakiwa inunuliwe kwa wakulima wa Marekani, na angalau nusu yake isafirishwe kwa meli zenye bendera ya Marekani. Nafaka inayonunuliwa karibu na wenye njaa kwa kawaida hufika mapema na kwa gharama ndogo. Bush, Republican, aliomba robo ya fedha hizo iruhusiwe kununua chakula karibu na walengwa, na Bunge likamkatalia. Obama, Mdemokrati, akaomba mageuzi makubwa zaidi mwaka 2013, akapewa kipande kidogo. Waliowakwamisha ni wabunge wa majimbo ya kilimo na ya bandari, wa vyama vyote, pamoja na baadhi ya mashirika ya misaada yaliyokuwa yakiiuza nafaka hiyo ili kugharamia shughuli zao. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwamba upotevu wote ni kosa la chama fulani.

Na upotevu upo. Wakosoaji wa USAID walisema kweli walipodai kwamba fedha nyingi mno zinapita kwa makampuni na mashirika makubwa ya Marekani kabla ya kumfikia mwananchi. Samantha Power, aliyeiongoza USAID chini ya Biden, aliweka lengo kwamba robo ya fedha iende moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji. Alipoondoka, kiwango kilikuwa kama asilimia 10. Wademokrati walikuwa na miaka minne ya kulirekebisha na hawakufika hata nusu ya lengo lao. Udhaifu huo uliachwa wazi, na mpinzani akautumia.

Kabla sijafika kwenye mamlaka, neno juu ya Ukraine. Tarehe 20 Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi, lile baraza jingine la Bunge, lilipitisha takriban dola bilioni 61 kwa kura 311 dhidi ya 112. Kura zote 112 za kukataa zilikuwa za Warepublican, na Warepublican 101 walikubali. Yaani spika wao, Mike Johnson, aliruhusu mswada ambao wengi wa chama chake hawakuutaka. Angalia pia fedha zilikokwenda: bilioni 23 hivi zilikuwa za kujaza upya maghala ya silaha ya Marekani yenyewe, zikatumika kwenye viwanda vya ndani. Katika chama hicho wapo warithi wa Reagan, wanaoona kumzuia Moscow ni kazi ya Marekani, na wapo warithi wa ile mikondo ya kabla ya vita iliyotaka Marekani ijishughulishe na mambo yake. Kwa miaka mingi hao wa kwanza walitawala. Sasa wameshika nafasi ya pili, na hilo ndilo badiliko kubwa la kiitikadi tuliloliona katika kizazi hiki.

Basi nani ana neno la mwisho? Kwa mujibu wa Katiba ya Marekani, hakuna fedha inayotoka hazina isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Nixon alipojaribu kuzikalia fedha ambazo Bunge lilikuwa limeziidhinisha, Bunge lilijibu mwaka 1974 kwa sheria inayosema hivi: rais akitaka kufuta matumizi, aombe. Anaweza kuzizuia fedha kwa siku 45 za vikao huku ombi likijadiliwa. Bunge lisipokubali, lazima zitolewe.

Mwaka 2025 mfumo huo ulijaribiwa kuliko wakati wowote tangu Nixon. Tarehe 20 Januari, siku ya kuapishwa, Trump alisimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, mikataba kama 5,200. Tarehe 1 Julai USAID iliacha kuendesha misaada na kilichobaki kikahamia wizarani. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyopigiwa kura na Bunge kabla haijatokea. Rubio mwenyewe, alipokuwa seneta, alikuwa mtetezi wa misaada. Waliosema shirika lile linahitaji kurekebishwa walikuwa na hoja. Lakini kukata mikataba maelfu kwa wiki chache, dawa zikiwa njiani na wagonjwa wakiwa kwenye orodha, hakurekebishi kitu, na watu waliokuwa wakitegemea huduma hizo hawakuwa na kura wala mbunge huko.

Kisha Bunge likaombwa libariki sehemu ya yaliyofanyika. Julai 2025 lilifuta dola bilioni 9 zilizokwisha kuidhinishwa, karibu bilioni 8 zikiwa za misaada ya nje. Seneti ilipiga kura 51 dhidi ya 48, Baraza 216 dhidi ya 213. Warepublican wawili wa Seneti, Susan Collins na Lisa Murkowski, walikataa. Na angalia hiki: Seneti iliondoa kwenye orodha dola milioni 400 ambazo zingekatwa PEPFAR. Hata katika kura ya kichama kiasi hicho, mpango wa Bush bado ulikuwa na watu wa kuusimamia.

Kwa nini kura hiyo ni muhimu kuliko kiasi chake? Kwa sababu bajeti ya kawaida huhitaji kura 60 Seneti, kwa hiyo chama tawala hulazimika kuafikiana na upinzani. Ombi la kufuta fedha huhitaji wingi wa kawaida tu. Ikiwa nitakubaliana nawe Machi kwa kura 60, kisha Julai ukabomoa sehemu yako ya makubaliano kwa kura 51, mwaka ujao nitakubaliana nawe kwa lipi? Muafaka uliozaa PEPFAR ulijengwa juu ya uhakika kwamba kilichotiwa saini kitatekelezwa.

Mwisho wa Agosti 2025 ikafuata hatua nyingine. Ikulu ilituma ombi la kufuta dola bilioni 4.9 zaidi za misaada, ikijua kwamba siku 45 zitaupita mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Septemba, na fedha zitakufa zenyewe bila Bunge kupiga kura. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilishasema kwamba mbinu hiyo ni kinyume cha sheria, na Collins, mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Seneti na mwanachama wa chama cha rais, alisema hivyohivyo. Tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu takriban bilioni 4 ziendelee kuzuiwa wakati kesi ikisubiri. Haukuwa uamuzi wa mwisho juu ya sheria yenyewe, lakini kwa fedha hizo saa ilikuwa imekwisha kupiga. Mwezi Machi mwaka huohuo mahakama ileile, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikuwa imekataa kuizuia amri ya kulipa karibu bilioni 2 kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo jibu la kweli kwa swali lako ni hili: kwenye karatasi, neno la mwisho ni la Bunge; kwa vitendo, mwaka 2025 lilikuwa la yule aliyeshika ufunguo wa kutoa malipo, na hadi mwisho wa mwaka huo Mahakama ya Juu haikuwa imetoa uamuzi wa mwisho kama ana haki ya kuushika hivyo.

Ukitaka kuendelea kufuatilia, usipime upepo kwa hotuba. Angalia kwanza kiasi ambacho kamati za matumizi za Seneti na Baraza zinakubaliana, kisha angalia kiasi ambacho wizara imekwisha kukiingiza kwenye mikataba ifikapo Juni, kisha Agosti. Pengo kati ya namba hizo mbili likiwa kubwa wakati wa kiangazi, hapo pana uwezekano wa ombi jingine la dakika za mwisho, na wa kuwatazama ni Warepublican wachache wa kamati za matumizi, kwa sababu bila kura zao Bunge haliwezi kulikataa wazi kabla ya tarehe 30 Septemba.